Julep Aliyotaka Niionje

Mume wangu alifanya kazi kwenye baa ya hoteli moja katikati ya London kwa miaka ishirini na mbili, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kuonja kitu alichokitengeneza. Kanisani kwetu Peckham pombe hainywewi. Tulipooana tulikubaliana kwamba kazi ni kazi, lakini chupa isivuke mlango wa nyumba yetu. Hakuwahi kulivunja neno hilo.

Kisha ugonjwa wa misuli ukamwanza kwenye vidole. Daktari alitueleza kwa upole kwamba mikono ingetangulia, halafu koo. Tulipokuwa kwenye basi tukirudi nyumbani, akaniambia, "Mama, mikono haijaisha. Nikutengenezee julep moja. Uionje tu, ujue nilikuwa naenda kufanya nini kila siku."

"Baada ya Pasaka," nikamjibu. Tulikuwa kwenye mfungo.

Kama hujawahi kuiona julep, usijali, hata mimi sikuijua. Yeye ndiye aliyenifundisha, kwa maneno, jioni baada ya jioni. Neno lenyewe, alisema, lilitoka Uajemi, likimaanisha maji ya waridi. Waarabu wakalichukua, likawa jina la maji matamu ya kuteremshia dawa chungu. Likafika kwa wauza dawa wa Ulaya, likavuka bahari hadi Marekani, na huko watu wakatia pombe kali ndani yake na kuinywa asubuhi, bado wakiiita dawa.

"Dawa ya nini?" nikamuuliza.

"Ya kuamka, mama."

Nanaa iliingia hukohuko. Mwanzoni walitumia brandi au ramu, lakini watu wa Kentucky walikuwa na bourbon, wiski yao ya mahindi inayolazwa kwenye mapipa yaliyounguzwa ndani, nayo ndiyo iliyodumu. Waliokuwa wakiiandaa majumbani kwa matajiri walikuwa watu weusi, kwanza watumwa, baadaye wahudumu wa mahoteli. "Walioinywa wameandikwa," alikuwa akisema. "Walioitengeneza, majina yao utayatafuta." Hilo alilirudia mara nyingi, bila hasira.

Pasaka ikapita. Nikasema tungoje semina ya akina mama iishe, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naiongoza. Ilipoisha, alikuwa hawezi tena kufunga vifungo vya shati.

Hakunilaumu. Mimi ndiye niliyesema, "Basi nielekeze, nitaitengeneza mwenyewe." Binti yetu, anayeelewa Kiswahili chote na kutujibu kwa Kiingereza, ndiye aliyekwenda kununua chupa, maana niliogopa kukutana na mtu wa kanisani nikiwa mbele ya rafu ile. Nanaa niliinunua mwenyewe kwa Mwarabu wa Edgware Road, fungu kubwa, na nikafanya ambavyo angefanya mwanamke yeyote aliyelelewa kwa chai: nikaitia kwenye sufuria pamoja na sukari, nikaichemsha mpaka jikoni kukanukia. Nikaipoza, nikamimina wiski, nikampelekea.

Akainusa. Mabega yakaanza kumtikisika, nami nikadhani anapaliwa.

"Mama," akasema kwa sauti yake iliyokwisha kuwa nzito, "nimekuomba julep, umeniletea dawa ya kikohozi."

"Si ulisema ilikuwa dawa?"

Alicheka hadi ikabidi nimpanguse machozi. Kisha akanielekeza upya, kwa subira ileile aliyokuwa akiwafundishia vijana wa kazini. Chukua majani manane au kumi ya nanaa, uyaweke chini ya kikombe cha chuma pamoja na kijiko cha shira ya sukari. Yabonyeze kwa mgongo wa kijiko, polepole. Usiyaponde kama kitunguu saumu, yatatoa uchungu. Ukisikia harufu, acha. Mimina bourbon, kiasi cha vijiko vinne vikubwa. Funga barafu kwenye kitambaa safi, uitwange iwe kama unga wa mahindi uliosagwa vibaya, ujaze kikombe nusu, ukoroge, kisha uongeze barafu mpaka ifanye kilima juu. Kishike kikombe kwenye ukingo, si tumboni, ili joto la mkono lisiyeyushe ukungu mweupe unaojitokeza nje. Mwisho, pigapiga shada la nanaa kwenye kiganja, ulichomeke karibu na mrija wa kunywea, ili anayekunywa anuse kabla ya kuonja.

Nilifanya yote hayo mbele yake. Koo nalo lilikuwa limelegea, na nesi alikuwa ameshamkataza kunywa chochote chepesi kama maji, kisije kikaingia mapafuni, kwa hiyo yeye alibaki kuangalia tu. Kikombe kikapata ukungu. Nikainama, nikanywa funda moja.

"Vipi?"

Ningeweza kumwambia ni tamu. "Inachoma," nikasema. "Halafu inapoa."

"Umezidisha shira kidogo," akasema. "Yangu haikuwa hivyo."

"Ilikuwaje?"

Aliviangalia vidole vyake vilivyolala juu ya blanketi. Nikanywa funda la pili, nikamsogezea kikombe anuse, naye akafumba macho. Alifariki wiki tano baadaye. Chupa bado ipo kabatini, na nimeshajaribu kupunguza shira mara tatu, nne, lakini kila ninachotengeneza ni cha mkono wangu mimi.