Kinanda Changu na Kimya cha Jirani

Niliwahi kuanzisha Kyrie, wimbo wa misa wa kuomba huruma, kwa sauti kamili na bila kuombwa, katikati ya ibada ya watu wasio na Kyrie wala kinanda, ambao siku hiyo walikuwa wameketi kimya kwa makusudi. Tena nilisimama. Nilikuwa nimevaa suti. Ningependa kusema nilikuwa mtoto, lakini nilikuwa nimevuka miaka thelathini, karani katika ofisi ya reli, nimesoma sekondari kwa mabruda wa misheni, na hapa mjini Kamina nilihesabiwa kati ya watu wenye akili.

Nieleze nilifikaje pale, maana mimi si mtu wa kutembea. Kazini, kanisani, nyumbani: dunia yangu iliishia hapo, na nyumbani nilikaa na mama. Base, ile kambi ya ndege za jeshi, ilipojengwa, watu walikwenda makundi kwa makundi kutazama ndege. Mimi nilizisikia zikipita juu ya bati nikaona inatosha.

Mama alikufa mwanzoni mwa kiangazi, baada ya kuugua siku nne. Katika misa ya maziko nilipiga kinanda mimi mwenyewe, kile cha kukanyaga kwa miguu, kilichowekwa mbele mpigaji akiwaelekea waumini, kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyejua. Sikukosea hata noti moja. Nakumbuka nilikuwa nikifikiria ngozi ya kanyagio la kushoto, kwamba imeanza kupasuka na lazima nitafute gundi. Ile gundi naikumbuka kuliko jeneza. Tulizika, tukarudi, nikala.

Sikulia. Kwetu jambo hilo si dogo. Mtu asiyemlilia mama yake hutazamwa mara mbili, halafu watu huanza kuulizana huyo mama aliuawa na nani. Mama mkubwa, dada wa marehemu, aliyekuja kutoka kijijini na kukaa nami tangu msiba, hakuzunguka maneno.

"Minyi mama yako mukubwa naangalia macho yako kila siku. Kavu! Siku makumi ine zikiisha, familia itakaa, itauliza. Utajibu nini?"

"Nitasema nilikuwa kazini, mama."

"Cheka tu. Batakuuliza na ile kicheko."

Alifanya wema kuniambia. Nilijaribu. Nilijifungia chumbani, nikafikiria mambo ya kuhuzunisha, moja baada ya jingine, mpaka nikasinzia.

Sasa jirani yangu. Alikuwa mjane wa fundi wa reli, nyumba ya upande wa pili wa ua wa matete, na alisali na Waprotestanti wale ambao hawataki chombo chochote cha muziki katika ibada. Huketi wakizunguka mkate na kikombe, wakingoja mpaka mmoja wao asukumwe moyoni kusema neno. Miaka mingi tulibishana juu ya ua ule. Yeye alisema sisi Wakatoliki tunaweka mashini isali, wenyewe tunapumzika. Mimi nilisema kwao ni kama gare, stesheni, isiyo na treni: watu wameketi na mizigo yao, wanangoja. Yeye alisema mitume hawakubeba kinanda. Mimi nilisema Daudi alibeba kinubi. Basi alinichekea, akaniomba chumvi, kesho tukaanza tena.

Baada ya msiba aliacha kubishana. Siku moja alinikuta nimekaa barazani, nimekaa tu, akaniita.

"Karani, siku ya yenga kuya na minyi. Pale njo nililia bwana yangu. Kinanda yenu inafunika muntu kama blanketi. Kwetu hakuna kitu ya kukufunika."

Wakati ule, Mkatoliki kwenda ibada yao ilikuwa dhambi ya kuungama. Nikaona heri niungame nikiwa nimelia. Jumapili hiyo nikaenda na vitambaa viwili vya kufutia machozi.

Chumba kilikuwa cheupe, bila picha, bila sanamu. Wanaume huku, wanawake kule, meza katikati. Wakaketi. Nikaketi. Kimya. Nikangoja machozi.

Badala ya machozi ikaja kazi. Mpiga kinanda wa misheni hufundishwa jambo moja kabla hata ya noti: padri akipoteza ukurasa, mtumishi akiangusha chetezo, kukitokea kimya kisicho na sababu, wewe ziba pengo hilo kwa kinanda. Nilikuwa nimeziba kwa miaka kumi na miwili. Nikawatazama wale watu, nikawahurumia: jamani, kuna aliyesahau zamu yake. Mikono haikuwa na kinanda. Mdomo ukaziba badala yake.

"Kyrie eleison," nikaimba.

Kwetu kwaya hujibu. Nikangoja jibu. Hakuna aliyejibu, na hakuna aliyecheka, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Nikaketi polepole, kama mtu anayeingia katika maji baridi. Baada ya muda mrefu mzee mmoja alitaja namba ya wimbo, wakaimba kwa koo tupu, sauti nne, taratibu, na nakiri waliimba vizuri. Nikasikia wenye sauti ya tatu ni wachache. Hilo tu ndilo nililosikia. Vitambaa vilirudi mfukoni vikiwa vimekunjwa vilevile.

Mlangoni yule mzee alinishika mkono bila hasira.

"Mugeni, kwetu Roho njo anaanzisha."

"Kwetu ni mimi, mzee."

Jirani yangu alinitazama kama mtu anayetafuta jiwe la kunirushia.

Nilipoungama, padri aliniuliza nimekuta nini kule. Nikasema kimya. Akasema kimya ni cha watawa walioapa. Muumini wa kawaida ukimwachia kimya, anafikiria mihogo yake. Sikupinga. Mimi nilifikiria gundi, na muziki ulikuwepo.

Ikafika misa ya siku ya arobaini. Familia yote ilikuja, wajomba walikaa safu mbili, na mama mkubwa aliketi mahali pa kuyaona macho yangu. Wakati wa sadaka kinanda hupigwa peke yake, bila waimbaji. Niliweka vidole mahali pake. Miguu haikukanyaga. Wasiniandikie sifa: sikugoma, sikuguswa na Roho wala na wale ndugu wa chumba cheupe. Niliitazama miguu yangu kama viatu vilivyoachwa na mtu mwingine, nikangoja avirudie. Kanisa likanyamaza. Mtu akakohoa. Padri akageuka nusu. Tulisikia mabehewa yakigongana gareni, moja moja, na kinanda mbele yangu hakikutoa hata pumzi. Macho yalikuwa makavu.

Nje mama mkubwa alinishika kichwa kwa mikono miwili mbele ya wajomba wote.

"Muliona? Kinanda ya mutoto imenyamaza mbele ya bantu bote. Ile njo kilio! Amemulilia mama yake."

"Eyo," wakaitikia wajomba, na mkubwa wao akanipa mkono. Kikao cha familia kikawa cha kula. Hakuna aliyeniuliza kitu, siku ile wala baadaye. Nilisifiwa kwa kilio nisichokilia, nami nikashukuru kwa adabu.

Jioni jirani alileta bukari, ugali wetu, na samaki wakavu waliotoka Kinkondja. Yeye peke yake nilimwambia ukweli: sikulia, miguu ilikataa, basi. Na kama kuna kitu kinaniuma, nikamwambia, ingawa sina hakika, ni kwamba mama alikaa benchi la kwanza miaka yote ile kusikiliza kinanda changu, na siku yake mwenyewe ya arobaini nimemnyima.

Akaweka sahani mezani, akajifuta mikono.

"Mama yako hakupendaka ile kinanda hata kidogo, ilikuwa inamuuma kichwa, aliniambia yeye mwenyewe. Alikuwa anakaa kule mbele sababu ya kukuona weye uso, sababu hapa nyumbani ulikuwa unamuonyesha mugongo."