Kitita cha Verla Sorensen

Verla Sorensen aliwapikia watoto wa shule ya msingi ya Harmon Fork kwa miaka thelathini na mmoja, akastaafu na imani moja kubwa: mtoto atakula chochote mradi foleni isisimame. Imani ya pili ilimjia uzeeni, majira yale jaji mmoja wa mjini alipoitupa ramani ya maeneo ya uchaguzi ya jimbo la Utah, ikaletwa nyingine. Verla aliisoma ile hukumu yote, kurasa zake zote, pamoja na tanbihi, jambo ambalo wengi walioipigia kelele, wa upande wake na wa upande wa pili, hawakulifanya. Akahitimisha kwamba mchora mipaka awe mtu anayeweza kunyimwa kura. Jaji humnyimi kura. Kwa hiyo akajiunga na wananchi waliokuwa wakikusanya sahihi ili kazi hiyo irudishwe kwa Bunge la jimbo.

Harmon Fork ilipangiwa sahihi arobaini na tano. Mwisho ulikuwa Jumatatu, saa kumi na moja jioni, na eneo zima lilikuwa linapungukiwa na kiasi hichohicho. Mji ukishindwa, eneo limeshindwa. Verla alikuwa na kitita kimoja cha karatasi, kilichofungwa na ofisi ya karani wa kaunti kwa pini tatu.

Hakuna aliyemshinda kwa ukali wa kanuni. Ndugu Delmar, mfuga batamzinga, alitaka kumtilia mkewe sahihi kwa kuwa mke yuko bandani na mikono yake haitazamiki. Verla alimrudisha akamlete, na mikono yake hivyohivyo.

Alhamisi walimzika mzee Orval. Nusu ya mji ilikuwepo, na baada ya kaburini wote wangekwenda kanisani kula nyama ya nguruwe ya kuokwa, viazi vya jibini na ile jeli ya kijani ambayo haijawahi kukosekana kwenye msiba. Siasa ndani ya kiwanja cha kanisa ni marufuku. Verla akaweka meza yake ng'ambo ya njia ya miguu, kwenye nyasi za mji. Askofu, ambaye kwao ni mtu wa kujitolea na siku za kazi huuza matairi, alitoka nje, akaukagua mpaka kwa macho.

"Meza iko sawa, Dada Sorensen," akasema. "Kiwiko chako ndicho kimeingia kanisani."

Akakisogeza kiwiko.

Watu walijipanga na nguo zao za msibani kwenye baridi ya Februari. Kitita kimoja, kalamu moja, na viazi vinapoa. Foleni ikasimama. Hapo miaka thelathini na mmoja ya jikoni ikafanya kazi bila kumuuliza mwenyewe: Verla alichukua kisu cha siagi, akazing'oa zile pini, akagawa karatasi mafungu matatu na foleni tatu. Dakika kumi na mbili, watu wote mezani. Jioni alizishona karatasi upya kwa uzi wake wa kushonea mablanketi, mshono wa kubana, ukingo umenyooka kuliko walivyoutoa wale wa ofisini. Sahihi arobaini na saba. Alilala vizuri sana.

Ijumaa asubuhi alikifikisha kitita kwa karani wa kaunti. Karani huyo alikuwa Rulon, mtoto wa kaka yake. Rulon alipitisha kidole kwenye mshono.

"Shangazi, huu uzi ni wa nini?"

"Wa mablanketi. Haukatiki huo."

"Pini zimekwenda wapi?"

Alimweleza, tena kwa fahari kidogo, hasa zile dakika kumi na mbili. Rulon akavua miwani.

"Kitita kikifunguliwa, kimekufa. Kila sahihi iliyomo."

"Yako imo."

"Imo. Nimejifuta mwenyewe."

Ofisini hamkuwa na mtu mwingine. Pini tatu zingeweza kurudi pale zilipotoka, na mashahidi wangekuwa wawili, wa damu moja. Verla alilifikiria jambo hilo kwa muda ambao baadaye alimwambia mumewe ulikuwa mrefu kuliko anavyopenda kukiri. Lakini tangu Krismasi alikuwa akimwambia kila mtu kwamba sheria isomwe ilivyoandikwa. Asingeweza sasa kumwomba mpwa wake aisome kwa huruma.

"Nipe kingine," akasema.

Ijumaa nzima alipiga simu. Hakusingizia posta wala kompyuta. Alisema amevunja kanuni kwa kisu cha siagi, na kwamba Jumapili hakusanyi kitu, kwa hiyo waje kwake Jumamosi. Habari ilipofika duka la chakula cha mifugo ilikuwa imeshakuwa kwamba amekichoma kitita chote kwenye oveni.

Ikabaki shida moja. Nyumbani kwa Verla hakuna aliyewahi kuingia Jumamosi akatoka bila kula skonzi za moto na siagi ya asali. Akampigia Rulon.

"Sheria inakataza kumpa mtu kitu chenye thamani ili atie sahihi," Rulon akasema.

"Skonzi ina thamani?"

"Zako, ndiyo."

"Nikimpa kila anayeingia, atie sahihi asitie?"

Rulon alisikika akifunua kurasa. "Hayo si malipo. Lakini lazima kweli apatikane anayekula bila kutia sahihi. Si wa kuigiza."

Katika Harmon Fork mtu wa namna hiyo hakuwa rahisi kupatikana. Verla alimjua mmoja, anayekaa mkabala naye: Idonna Peay, mwalimu wa historia mstaafu, ambaye kibao kwenye bustani yake kiliwaomba wapita njia wasitie sahihi popote. Kwa miaka ishirini wanawake hawa walikuwa wakipeana mamumunya ya ziada na kutoongea siasa. Verla akavuka barabara.

"Kwa hiyo unataka nije," Idonna akasema alipokwisha kuelezwa, "na nisitie sahihi."

"Ndiyo."

"Hilo naliweza."

"Na ule skonzi."

"Lazima ninyamaze?"

"Sheria haisemi."

Jumamosi Idonna alikaa kando ya oveni tangu saa tatu, akala skonzi ya kwanza mbele ya macho ya wote. Kitita kilikaa katikati ya meza na hakuna aliyeruhusiwa hata kukisogeza. Anayetaka kuandika alisogea yeye. Kila aliyeingia alipewa na Idonna maelezo mafupi, yaliyopangika vizuri, ya kwa nini asitie sahihi. Walimsikiliza kwa adabu, kwa kuwa wengi walikuwa wanafunzi wake, kisha wakatia sahihi. Rulon alikuja na suruali ya jinzi, akatia yake, akaikataa skonzi katakata. Foleni ilifika barabarani. Kwa mara ya kwanza maishani Verla aliiangalia foleni iliyosimama na haikumuuma.

Arda, mke wa Delmar, alifika mikono safi. Alimsikiliza Idonna hadi mwisho, akauliza maswali mawili, halafu akaiweka kalamu chini.

"Mimi sitii tena, Dada Verla," akasema. "Amenishawishi."

Delmar akatazama dari. Verla alihesabu kichwani: walikuwa arobaini na mmoja. Akampa Arda skonzi mbili, kama wengine, akamfungia na ya tatu ya njiani.

"Pole," Idonna akasema Arda alipoondoka, kwa sauti ya mtu asiye na majuto.

"Nilikuita usiigize," Verla akajibu, akampakia siagi kwenye skonzi nyingine.

Kufikia saa tisa majina yalikuwa arobaini na sita.

Jumatatu Rulon alihesabu pini kwanza, mara mbili, ndipo akahesabu majina. Wangeshinda au wangeshindwa, hilo lingejulikana baadaye, na Idonna alikuwa na hakika yake kama Verla alivyokuwa na yake. Mji wa Harmon Fork ulikuwa umetimiza sehemu yake. Rulon akagonga muhuri, akamkabidhi shangazi yake stakabadhi, akatazama mlango.

"Sasa hakuna tena ninachoweza kutia sahihi," akasema. "Skonzi zilibaki?"

Zilikuwa sita, ndani ya mkoba wa shangazi, zimefungwa kitambaa tangu asubuhi. Verla aliupuliza wino wa muhuri hadi ukakauka, ndipo akaufungua mkoba.