Dawa ya Kupe kwenye Mzoga

Baba yangu hana haja na televisheni, ila akiona mnyama anayekula mifugo husahau hata chai yake. Jioni ile, nyumbani kwangu Kiwanjani, walikuwa wanaonyesha chui-milia wa Asia. Nikawa mkalimani wake, kazi isiyo na shukrani.

Nilimwambia wa Bali na wa Java wameisha, na wa pande za bahari ya Kaspi pia. Wamebaki wa Bengali, wa Siberia, wa Sumatra, wa Indochina na wa Malaya. Wa kusini mwa China hajaonekana porini kwa miaka mingi.

"Walimalizwa na nini?"

Misitu imekatwa, nikamweleza, paa na nguruwe mwitu wamewindwa, ngozi zinauzwa, mifupa inasagwa kuwa dawa. Akapiga miayo. Kisha akaonekana mfugaji akiupaka sumu mzoga wa ng'ombe wake, kwa kuwa chui-milia hurudi kumalizia alichoua. Baba akajipiga paja kwa furaha. "Hawa ni watu wetu!"

Kabla sijamjibu, simu ikalia. Alikuwa kaka yangu, anayechunga ngamia wetu kule Sericho. Simba alikuwa amemuua ngamia wa maziwa, yule aliyelisha watoto wa kaka kiangazi chote.

"Weka dawa ya kupe kwa paja," Baba akamwambia. "Hapo ndio anaanzanga."

"Abba, mbwa watakufa!" nikafoka.

"Si afunge mbwa? Watu hawana shida. Hiyo ni nyamafu, nani ataigusa?"

Mnyama asiyechinjwa hatumli, hata njaa iwe kali namna gani. Kwetu jambo hilo liko wazi kiasi kwamba hakuna anayeonywa. Kaka akafunga mbwa, akapaka dawa, akawapeleka ngamia kisimani, ambako hulala foleni kungoja maji. Boma alimwachia mchungaji wake wa kuajiriwa, mtu mzima, si Muislamu, ambaye tangu unga uishe alikuwa anaishi kwa chai ya rangi. Hakumwambia kitu.

Kesho yake, aliporudi bomani, kaka alipiga tena, akilia mpaka maneno hayatoki vizuri. Paja la ngamia lilikuwa limekatwa kwa kisu. Mchungaji alikuwa amelala kando ya jivu, amejikunja, povu limemkaukia mdomoni. Mbwa walikuwa wazima, bado wamefungwa.

Nilimchukia Baba. Nilijichukia na mimi, mtetezi wa mbwa.

"Lakini hiyo ni haramu," Baba akasema, amekasirika kama mtu aliyeibiwa. "Hakujua ni haramu?"

"Haramu kwetu, Abba. Yeye aliona nyama."

Akaisogeza simu mdomoni.

"Na simba?" akamuuliza kaka. "Alikufa?"

Simba hakuwa amerudi.