Kikombe cha Kulainisha Mishipa

Aibu yangu hapa Bariadi inajulikana, kwa hiyo afadhali niisimulie mwenyewe kabla hamjaletewa ikiwa imeongezwa chumvi (chumvi yenyewe nimekatazwa, lakini hilo tuliache).

Mdogo wangu Masanja alinipa figo lake. Mambo ya kusafishwa damu kwa mashine yakaisha, nikawa nakojoa kama watu, na daktari akaniambia figo jipya litaisaidia mishipa ya damu kupata nafuu, ila iliyokwisha kukakamaa kwa ugonjwa hailainiki upesi, nimeze vidonge vya kulilinda figo, nipime presha, nisinywe dawa yoyote ya pembeni bila kumwuliza. Mimi nikashika neno moja tu, kukakamaa.

Shangazi akaja kutoka Mwamapalala na mizizi iliyochemshwa, kaitia kwenye chupa ya soda. "Mwangaluka, mwanangu," akanisalimu kwa Kisukuma. "Hii baba yako alikunywa, mishipa ikawa laini kama ya ndama." Nikanywa kikombe kimoja nisimvunjie heshima, tena asubuhi ileile ya ibada yetu ya shukrani, nami nimevaa gauni jeupe (nani alinituma?).

Masanja alikuwa mbele anatoa ushuhuda, mimi nimesimama kando yake, tumbo likaanza kunguruma mpaka kipaza sauti kikalidaka, nikabana, nikabana, kwaya ikapamba moto, mchungaji akasema, "Dada, mrukie Bwana kidogo," na mimi mjinga nikaruka. Zaidi ya hapo sisemi. Akina mama walinizungushia kanga wakanitoa nje, na pale mlangoni nikatapika vidonge vya asubuhi mbele ya watu waliokuwa wamefunga na kuniombea.

Aibu ningeizoea. Lakini nilijifungia ndani nikiharisha na kutapika kila nilichomeza, naona haya kurudi hospitali, hadi miguu ikavimba. Nikapelekwa hospitali Mwanza, daktari akasema figo limekufa, presha iko juu, mishipa itaanza kuharibika upya, nijiandae kurudi kwenye mashine.

Masanja akamwuliza taratibu, "Daktari, hili lililobaki kwangu halitamfaa?"

Akajibiwa kwamba mtu hutoa moja tu. Nililia kwa uchungu kuliko hata siku ile ya gauni.

Nimeapa sipokei tena kikombe cha dawa kwa mtu, hata awe shangazi. Kiapo cha kuchelewa hicho. Masanja anabeba magunia ya pamba kwa figo moja, na la pili nimelizika tumboni mwangu.