Mwizi wa Petroli wa Doonside

Mnaonijua hospitalini, someni haya kisha mnyamaze. Wakati wa lockdown, mtaani kwetu Doonside, nilikuwa naenda zamu na gari langu kuukuu la V8, nililolifufua mwenyewe kwa spea za mitumba. Ghafla petroli ikaanza kupungua kila usiku.

Nikamshuku jirani yangu Papa Kasongo, Mkongomani mpole kupita kiasi. Kila asubuhi nilimkuta ameinama kando ya gari langu, ati anafunga kamba za viatu. Siku nilipoona beseni mlangoni pake likinuka petroli, kwangu kesi ikaisha.

Jumamosi alfajiri nikajificha kwenye buti ili nimshike. Mlango wa buti ukajifunga, na ufunguo, kwa akili zangu, nilikuwa nimeuacha nje kwenye kitasa. Nikapiga kelele mpaka majirani wakatoka na barakoa zao.

Aliyenifungulia ni Papa Kasongo, beseni mkononi.

“Ndugu, esansi, petroli yako, inavuja kwa ule mupira wa tanki uliweka. Mimi nategaka beseni, sababu watoto wanachezaka hapa.” Akaniwekea dumu la petroli miguuni. “Yako hii, yote. Lakini mu buti ulikuwa unachunga nani?”