Baba wa Jemadari

Miaka ile biashara huria iliporuhusiwa, vibanda vya video viliota kila uchochoro wa Kirumba. Mimi na mtoto wa mama yangu mdogo tulikuwa wateja wa kudumu wa kimoja jirani na soko la samaki. Mama mdogo alifariki mwenzangu huyu akiwa hajaanza kutembea, akalelewa kwetu. Tulilala kitanda kimoja mpaka tukaota ndevu.

Aliipenda mikanda fulani ya vita vya angani, na ndani yake alimpenda adui, jemadari aliyechoma sayari nzima nzima. Katika mkanda wa kwanza jemadari alikuwa yatima, baba yake mchimba madini aliyeuawa na askari wa mfalme. Ukaja wa pili, mfalme huyohuyo akamwambia ni mwanawe wa kumzaa. Kibanda kikalipuka. Watu walimzomea mtafsiri, aliyekuwa akitueleza filamu kwa kipaza sauti, kwamba anatudanganya.

"Mimi natafsiri tu," akajitetea. "Wenye filamu yao ndio wamesahau."

Watu wakacheka. Ndugu yangu hakucheka. Njiani akaniuliza, "Sasa yule miaka yote alikuwa anamlilia nani?"

Nilijua haulizi habari za jemadari. Mama alimwambia tangu utotoni kwamba baba yake alikuwa askari, akafia vita vya Kagera. Lakini siku chache nyuma bibi alikuja kututembelea kutoka Bukoba, na akiwa anamenya ndizi alimtazama ndugu yangu, akasema, "Masikio ya yule mpakia mizigo wa Kamanga, hayohayo." Mama akamkatiza kwa Kihaya, kwa ukali. Ndugu yangu alikuwa amekwisha sikia.

Jumamosi tukapanda kivuko kwenda Kamanga. Mtu mwenyewe hakuwa mgumu kupatikana. Alikuwa gatini, gunia la mihogo begani.

"Shikamoo," ndugu yangu akasema, akamweleza mama yake alikuwa nani.

"Marahaba." Akatua gunia, akamtazama kwa muda. "Mama yako nilimpenda. Lakini kulikuwa na askari pia, na mimi nilijua. Alipopata mimba sikumuuliza, niliogopa jibu. Siwezi kukudanganya, mwanangu. Sijui."

Alisema "mwanangu" kama mtu mzima yeyote anavyomwita kijana. Ndugu yangu alilishika neno lile. Tukiwa kwenye kivuko aliniuliza kama nami nimelisikia, na baada ya kitambo akaniuliza tena.

Hakurudi kibandani, wala Kamanga. Alipomaliza shule akaenda Geita kuchimba dhahabu. Masika moja shimo lilititia, naye alikuwa chini.

Makaburini katekista, mgeni kwetu, alimwinamia mama. "Marehemu nimtangaze ni mtoto wa nani?"

"Ni wangu," mama akasema.

Nyuma ya watu alisimama yule mtu wa Kamanga. Sijui nani alimpelekea habari. Alipochukua koleo hakuna aliyemzuia. Vijana walipokezana, yeye hakumpa mtu koleo lake. Alifukia mpaka udongo ukaisha, akajipangusa mikono kwenye suruali, akaondoka kabla ya chakula.

Mama alimfuata kwa macho hadi barabarani. Nilidhani atamwita. Alifungua mdomo, kisha akauziba kwa upande wa khanga.