Gari la Mwezini kwa Fundi wa Kamembe

Fundi wa magari tunayetazamana naye hapa Kamembe hukagua kila gari kwa namna moja: hupiga teke tairi, hukandamiza boneti kwa kiganja apime springi, kisha hugusisha ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akasikiliza. Dada yake alipomtumia kutoka Ubelgiji sanduku la vipande vya plastiki vya kuunganisha mfano mdogo wa gari la kutembelea mwezini, aliliunganisha gari hilo na kulikagua hivyo hivyo, hata kwa bisibisi, ingawa injini halina. "Matairi ni mazuri," alituambia, "lakini tumbo liko chini. Kwa yale mawe ya njia ya Bweyeye, haifiki."

Anachojivunia ni kwamba hajawahi kufunga gari akabakiwa na skrubu. Safari hii vilibaki mezani vipande vidogo kama punje za mtama. Akalifungua gari lote, akalifunga upya, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo; vikabaki vilevile. Akaanza kulifungua tena. Maman Nabintu, mteja ambaye kamioneti yake, gari dogo la kubebea vitenge, ilikuwa juu ya jeki tangu asubuhi, akachoka kungoja, akachukua karatasi ya maelezo akaisoma. "Papa, hivyo ni vya akiba. Bamekupatia bure, kama kimoja kikipotea." Vidole vya fundi vyenye oili vikasimama. Akavifunga vile vipande kwenye kitambaa, akavitia mfukoni. "Basi na bao benye kuitengeneza banajua," alisema taratibu. "Njia ya mwezini iko kama ya Bweyeye."